Mwalimu wa Biblia asitafutwe Jumamosi usiku

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua, nikiwa mzee wa kanisa ambaye pia nimefundisha Shule ya Jumapili na vipindi vya vijana kwa miaka mingi. Katika sharika zetu nyingi kwaya hufanya mazoezi kila juma, sare hushonwa na kinanda hutengenezwa kila kinapoharibika, lakini mwalimu wa Biblia hupigiwa simu Jumamosi usiku na kuambiwa kwamba kesho zamu ni yake. Mtu wa namna hiyo hushika mstari mmoja anaoujua kwa moyo, akauzungushia ushuhuda wake mpaka kengele ipigwe.

Chukua Yeremia 29:11, mstari unaopendwa mno kwenye mahafali na mikesha ya mwaka mpya, ambao vijana hufundishwa kuwa ni ahadi ya ajira, ndoa na nyumba kwa kila anayeukiri. Mwalimu angerudi nyuma mpaka mwanzo wa sura tu, angekuta kwamba maneno hayo yamo ndani ya barua ya nabii Yeremia iliyotoka Yerusalemu kwenda kwa mateka wa Babeli, ambao walikuwa wakiambiwa wasubiri miaka 70, yaani wengi waliosomewa barua ile wangefia ugenini. Kuanzia mstari wa 5 wanaagizwa kujenga nyumba, kupanda bustani, kuoa na kuozesha, na kuuombea amani mji uleule walikopelekwa utumwani. Na katika sura ya 28 yupo Hanania, nabii wa uongo aliyetabiri kwamba utumwa huo ungekwisha ndani ya miaka 2. Sisemi kwa dhihaka, lakini nadhani Hanania angejaza viti vya makanisa yetu kuliko Yeremia. Kijana aliyehitimu chuo zamani na bado hana kazi anaihitaji barua hiyo nzima.

Lugha nayo ina mtego wake. Wengi wetu tunasoma tafsiri ya Biblia iitwayo Union Version, ya 1952, na katika Matendo 8:30 Filipo anamuuliza Mwethiopia aliyekuwa akisoma garini kama yanamwelea anayosoma, yaani kama anayaelewa. Mtoto mmoja darasani kwangu alitaka kujua kitabu kilieleaje ndani ya gari. Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa sababu nilikuwa nimelisoma neno hilo miaka yote bila kujiuliza kama wanaonisikiliza wanalipata. Siku hizi wanafunzi husoma wenyewe na kuuliza kwanza, ndipo nami nafungua kinywa.

Hata Apolo, msemaji hodari aliyeyajua maandiko, alichukuliwa kando na Prisila na Akila akaelezwa kwa usahihi zaidi. Napendekeza kila usharika uwe na ratiba ya masomo ya miezi mitatu mbele, na walimu wote wakutane na mchungaji au mwinjilisti katikati ya juma, waisome sura nzima pamoja na kusahihishana bila kuoneana haya. Gharama yake ni chai, na kwaya ituachie ukumbi siku moja.

Mzee wa kanisa,
Iringa