Hakikini nyimbo, si talaka ya msanii

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani una mtindo unaonikera. Msanii mkongwe akitoa albamu baada ya kupotea, nusu ya uhakiki inakuwa talaka na unene wake. Nyimbo zinaambulia mistari miwili.

Mwimbaji wa Marekani Mariah Carey yalimkuta hayo. Glitter ilipoanguka mwaka 2001, filamu na albamu yake, wengi walishamzika. Mwaka 2005 akaachia The Emancipation of Mimi, ikampa tuzo tatu za Grammy, na We Belong Together ikakaa namba moja Marekani wiki 14. Sikilizeni ule wimbo unavyokwenda: maneno yanamiminika haraka haraka, yamebanana kama mtu anayegombana na simu, halafu mwishoni sauti inapaa. Mhakiki angeanzia hapo. (Ndoa yake haikupiga kinanda.)

Huku kwetu hata konda wa daladala ya Mbagala anabishana kuhusu besi iliyozidi na kiitikio kilichochuja. Mwandishi wenu, ambaye nadhani analipwa, atuambie basi nani katengeneza mdundo, na kama sauti bado ipo.

Mpenda muziki,
Temeke, Dar es Salaam