Bushi nyingi huuawa siku ya kufungwa

Mhariri,

Malalamiko ni yale yale kila mahali: bushi za siku hizi, yaani vile vipande vya raba na chuma vinavyounganisha mikono ya magurudumu na fremu ya gari, hazidumu, zimejaa feki, mtu anafunga leo na baada ya miezi michache gari limeanza kugonga tena. Bushi mbovu zipo, sikatai. Lakini bushi nyingi nzuri zinakufa mikononi mwa anayezifunga, na kosa linaloziua halina uhusiano wowote na bei wala kiwanda. Ni bolti kukazwa wakati gari bado liko juu na gurudumu linaning'inia. Naomba nafasi nilieleze hili kwa kirefu, maana wenye magari ya zamani wanaofanya kazi hii wenyewe nyumbani ndio wanaoingia hasara mara mbili.

Bushi ya raba ya mkono wa chini, ule ambao mafundi wengi huuita kontroli amu, ina sehemu tatu: ganda la chuma la nje linaloingia kwa nguvu kwenye jicho la mkono, bomba dogo la chuma katikati linalopitisha bolti, na raba iliyogandishwa kiwandani kwenye vyuma vyote viwili. Wengi hudhani kwamba mkono unapopanda na kushuka, bomba la kati huzunguka kwenye bolti kama bawaba ya mlango. Halizunguki. Bolti ikikazwa, bomba linabanwa kati ya masikio mawili ya fremu na kubaki palepale. Kinachojipinda ni raba. Nayo imetengenezwa ijipinde kiasi kwenda juu na kiasi kwenda chini, kuanzia pale mkono unapokaa gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake.

Sasa gurudumu likiwa linaning'inia, mkono umeinama, ukakaza bolti hapo, ndipo umeiambia raba kwamba huko chini ndiko katikati yake. Ukishusha gari, raba imeshajipinda hata kabla hujawasha injini, na inakaa hivyo usiku na mchana. Gari likipita kwenye shimo mkono unapanda zaidi, na raba iliyokwisha kutumia nafasi yake yote inachanika. Ukiifungua bushi ya namna hii utaona mpasuko kando ya bomba la kati, umezunguka kama mwezi mchanga, huku raba iliyobaki ingali nyeusi na laini kabisa. Hiyo haikuzeeka, ilikatwa.

Dawa yake ni futi ya kupimia. Kabla ya kuinua gari, likiwa mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, uandike: tuseme milimita 365 kushoto na 362 kulia. Wakati wa kufunga, ingiza bolti zote na uzikaze kwa mkono tu, mkono wa gari ubaki huru. Kisha weka jeki chini ya mkono huo, karibu na bol jointi, kile kiungo kinachouunganisha na gurudumu, upandishe taratibu hadi kipimo kirudi kilivyokuwa, ndipo ukaze. Kwenye gari jepesi, bodi inaweza kuanza kunyanyuka kutoka kwenye stendi kabla kipimo hakijafika. Ikiwa hivyo, acha mara moja. Rudisha tairi, shusha gari juu ya mbao pana na nene zilizopangwa chini ya magurudumu, litikise mara kadhaa likae sawa, halafu kaza likiwa limesimama kwa uzito wake.

Kuhusu nguvu ya kukaza, kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Magari mengi madogo huwa kati ya nyutoni mita 80 na 150 kwa bolti hizi, lakini pengo hilo ni kubwa mno kulijaza kwa kubahatisha. Baadhi ya bolti hukazwa kwa kipimo kisha zikazungushwa zaidi kwa digrii kadhaa. Hizo kwa kawaida hazirudishwi, hununuliwa mpya.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha tatizo ni bushi. Mlio mzito mmoja unapokanyaga breki au unapoondoka, usukani kuyumba ukifunga breki, gari kutangatanga barabarani, tairi kulika upande mmoja: yote haya huelekeza huko, ingawa bol jointi iliyochoka nayo hutoa dalili zinazofanana. Ingiza mtaimbo kati ya mkono na fremu uusukume kidogo. Bushi nzima itasogea milimita chache na kurudi. Iliyokufa itaruka hadi chuma kigonge chuma. Nyufa ndogo za juu juu ni uzee wa kawaida. Ufa unaopita hadi upande wa pili ndio hukumu. Zipo pia bushi zenye maji mazito ndani, na hizo zikipasuka huacha doa la unyevu mweusi kwenye mkono. Ukikuta bushi imevimba na kuwa laini kama ufizi, tafuta oili inavuja kutoka wapi, ama kwenye injini au kwenye pampu ya usukani. Oili hula raba ya kawaida, na bushi mpya itakwenda njia hiyo hiyo usipoziba kwanza.

Usalama sitauzungukia. Mahali pagumu na tambarare, vizuizi kwenye magurudumu yanayobaki chini, stendi mbili imara chini ya chesisi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia gari juu ya mtu. Tena angalia springi imekaa wapi. Kama imezunguka shokapu kwa pamoja, kuutoa mkono wa chini hakuiachilii. Kama imekaa juu ya mkono wenyewe, au gari lina fimbo ya chuma inayojipinda badala ya springi, kuna nguvu iliyofungiwa humo inayoweza kuua. Kazi hiyo mpelekee mwenye vifaa vyake.

Kufungua kwenyewe si kugumu. Siku moja kabla, lowesha bolti kwa mafuta ya kulegeza kutu. Legeza nati za tairi gari likiwa chini, inua, toa tairi, toa linki ya stabilaiza, kile kijiti kinachounganisha mkono na fimbo ya kuzuia gari kulala upande, kwa sababu huuvuta mkono. Bol jointi itoe kwa kifaa cha kuisukuma. Ile uma ya kupigilia huchana kifuniko chake cha raba, kwa hiyo ni ya bol jointi unayotupa. Usiivute habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu, kwenda nje, utaichomoa shafti inayozungusha gurudumu kwenye jointi yake ya ndani, na usiache ining'inie kwa mpira wa breki.

Mkono ukishatoka, usiguse bushi kwanza. Piga picha, kisha chora kwa kalamu ya rangi mstari kwenye jicho unaoonyesha matundu ya raba yanaelekea upande gani, na upime ganda limejitokeza milimita ngapi kila upande. Matundu yale si ya kupunguza raba. Yamewekwa ili mkono uwe laini upande mmoja na mgumu upande mwingine. Ukiyageuza, gari linabadilika tabia na raba inachanika upesi.

Kuitoa na kuiingiza bila presi ya karakana kunawezekana. Tafuta fimbo yenye hesi (mikato ya kukazia nati) ya M12 au M14, yaani unene wa milimita 12 au 14, inayopita kwenye bomba la kati, yenye daraja la uimara 8.8 au zaidi, pamoja na nati ndefu, washa nene na vipande viwili vya bomba la chuma. Ganda la bushi likiwa na kipenyo cha milimita 45, bomba la kupokelea liwe na nafasi ya ndani ya 48 hivi, na kisahani cha kusukumia kiwe 44. Paka grisi kwenye hesi ya fimbo, vinginevyo itasagika. Kama jicho limetengenezwa kwa bati lililokunjwa, weka kipande cha chuma katikati ya kuta zake ili lisijikunje. Na hapa pana kosa la pili linaloua bushi: kusukuma bomba la kati au raba badala ya ganda la nje. Bushi itaingia, lakini gundi ya kiwandani itakuwa imeachia ndani, na hutaiona mpaka gari lianze kugonga.

Ganda lililogoma likate kwa msumeno wa chuma uliopitishwa ndani, usimame kabla hujagusa jicho, kisha likunje kwa tindo. Kuchoma raba kwa moto kunatoa moshi wa sumu na kunaharibu mikono ya aluminiamu. Safisha jicho kwa msasa laini. Maji ya sabuni yanatosha kulainisha ganda linapoingia. Grisi ya kawaida iweke mbali na raba. Bushi ikiingia kwa kusukuma na kidole, jicho limelika, na kuchomeka kipande cha kopo ili libane hakulitengenezi. Badilisha mkono mzima. Hata bila hivyo, bol jointi ikiwa nayo imechoka, mkono kamili wenye bushi zake mara nyingi ni busara zaidi.

Bushi za poliuretheni ni habari nyingine. Nyingi kati ya hizo bomba lake huzunguka kweli, kwa hiyo kimo cha kukazia hakiziathiri sana, ila zinataka grisi ya silikoni, zikikauka hulia, na hupitisha mtetemo mwingi zaidi kwenye bodi. Kwa gari la familia naona raba bado inafaa zaidi.

Fungeni kushoto na kulia kwa pamoja. Kota pini, ile pini inayozuia nati isilegee, iwe mpya. Baada ya hapo gari liende kwenye alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, kabla tairi hazijaanza kulika, na bolti zikaguliwe tena baada ya kilomita 100 hivi, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Anayempelekea fundi naye amwombe jambo moja tu kabla kazi haijaanza: amwone akipima kimo na kukiandika.

Wako,
Msomaji wa gazeti hili