Kadzo, kuhusu ile lenzi ya mzee

Kahawa West, Nairobi
Jumapili usiku

Kadzo, rafiki yangu,

Habari za Mbita, za shule, za joto la ziwani? Huku hatujambo, ila mvua haijui kukoma na stima inapotea kila jioni. Jirani yetu Baba Shiru amenunua jenereta inayopiga kelele kuliko watoto wake wote. Lile deni bado hajalipa, usiniulize.

Simu zako nne niliziona. Sikuzishika kwa sababu nina jambo lisilotoka mdomoni, na hata kwenye karatasi nalizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ni kuhusu lenzi ya kamera ya marehemu mzee wako, ile ya milimita 50, ya chuma.

Ngoja kwanza nikueleze nilikuwa naifanyia nini, usije ukadhani niliigeuza nyundo. Unajua nilivyo na wazimu wa wadudu. Lenzi halisi ya makro, ile ya kupigia picha vitu vidogo kwa karibu, niliiulizia mjini. Muuzaji aliponitajia bei nilimshukuru, nikatoka haraka kama mtu aliyeitwa nje. Kumbe lenzi ya kawaida ukiigeuza, mdomo ukaangalia kamera na kisogo kikaangalia mdudu, inakuza. Kazi yake ya kila siku ni kuchukua vitu vikubwa vya mbali na kuvifinya viingie kwenye sensa ndogo, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Ukiipindua, inafanya kinyume. Na ile ya mzee ni bora kuliko hizi za kisasa, kwa kuwa ina pete yake yenyewe ya kupunguza mwanga. Hizi mpya nyingi husubiri amri ya kamera, na ukizigeuza amri haifiki.

Basi nikachukua kifuniko cha bodi ya kamera, nikakitoboa, nikagundisha kipande cha bomba la plastiki la maji, sentimita tano, na mbele yake pete ya filta kuukuu. Lenzi yenyewe sikuitia gundi hata tone, naapa, niliizungusha tu kwenye ile pete. Ndani ya bomba nikabandika karatasi nyeusi ya manila, la sivyo mwanga unadundadunda humo na picha inatoka kama imemwagiwa maji ya mchele.

Nikadhani nimemaliza, kumbe bado. Ukikuza kitu mara mbili ya ukubwa wake, mwanga unaofika kwenye sensa hupungua mara tisa hivi. Ukibana tundu la lenzi ili picha iwe kali, unachungulia giza. Ukilifungua, jicho la mdudu linaonekana safi na kipapasio chake kimekuwa moshi. Sehemu inayotoka kali haifiki hata nusu milimita. Nusu milimita, Kadzo! Mapigo ya moyo wangu tu yanaipita. Pete ya fokasi haisaidii kitu, unasogea wewe mwenyewe, mbele kidogo, nyuma kidogo, kama mtu anayebembeleza mtoto, huku unabonyeza na kuomba. Picha mia, nzuri mbili. Flashi nikaivisha pakiti ya maziwa ili mwanga ulainike. Niliiosha, lakini si vizuri sana. Siku ya tatu sisimizi walikuja wenyewe kupigwa picha.

Na mdudu lazima awe karibu, sentimita chache tu kutoka kwenye kioo. Kioo cha nyuma, kile ambacho siku zote hufichwa ndani ya kamera, sasa ndicho kiko mbele, uchi kabisa, hakina filta wala kifuniko. Umeshaona ninakokwenda.

Mvua imetuletea Nairobi fly. Wanapanda ukutani kwenye taa ya veranda, na mmoja alikuwa mrembo ajabu: kifua chekundu, kijikoti kifupi cha bluu inayometa, mkia ameuinua kama nge. Ni mbawakawa yule, si nzi, jina limemwonea. Nikamfuata polepole ukutani, nimebana pumzi, jicho lake linaanza kutokea... na mtoto wa Baba Shiru akaja mbio na baiskeli yake. Nikasukumwa mbele. Mdudu akasagika, kioo kikakwaruza ukuta, na ukuta wetu unaujua ulivyo na mchanga.

Kwa woga nikapangusa kioo kwa kidole gumba, kisha kwa ujinga nikajipangusa jasho shingoni kwa kidole hichohicho. Nairobi fly haumi, sumu yake imo ndani ya mwili wake, inakungoja wewe umponde. Siku ya pili shingo ilikuwa imeungua mstari mzima. Ofisini wakaniuliza nani kanibusu kwa pasi ya moto.

Turudi kwenye lenzi. Mkwaruzo ni mmoja, urefu wa punje ya mchele, karibu na katikati. Fundi wa mjini anasema akiusugua ataondoa na ile rangi ya kinga, afadhali auache. Sasa sikia kinachoninyima usingizi: ukiigeuza kama nifanyavyo mimi, mkwaruzo hauonekani kabisa kwenye picha. Ukiifunga kwenye kamera sawasawa, alivyokuwa akiitumia mzee, halafu upige kuelekea jua, kunatokea ukungu. Yaani nimeiharibu kwa kazi yako na kuiacha nzima kwa kazi yangu. Hata mimi ningejishuku.

Nimetafuta nyingine kama hiyo, nimeipata, nitainunua mwisho wa mwezi. Lakini najua haikushikwa na mikono ya mzee, na ndiyo maana sikuweza kushika simu.

Niambie basi: niirudishe hiyo yenye kovu, au uchukue nyingine, au zote mbili? Mama yako anajua niko nayo? Utamwambia wewe au nimpigie mimi? Na huko Mbita, wale buibui wadogo wanaorukia mbu walioshiba damu, umewaona kwenye kuta za nyumba yako? Nikija Agosti utanifungulia mlango, au nilale stendi? Na ule wimbo wa shule yenu, bado wanaukosea vilevile?

Wako, shingo ikiwa na kovu,
Mutiso