Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Sekondari, Manispaa ya Moshi: tuandike “programu huria”, si “programu za bure”

Ndugu Afisa Elimu,

Yah: NENO “BURE” KATIKA REJESTA ZA VYUMBA VYA KOMPYUTA

Tunaleta ombi moja. Katika fomu na rejesta za programu za shule, pale panapoandikwa “programu za bure”, pagawanywe, na zile zinazomruhusu mtumiaji kuzitumia, kuzibadilisha na kuzigawa ziitwe “programu huria”. Hatuombi kupamba lugha. Neno hilo ndilo linaloamua fundi aweke nini kwenye mashine, mhasibu atenge kiasi gani na mwalimu awaruhusu wanafunzi kunakili nini.

Kosa lenyewe ni la kurithi. Kwa Kiingereza, neno la uhuru na neno la kutolipa ni lilelile, “free”. Richard Stallman, aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kuunda mfumo endeshi wa kompyuta ulio huria, amekuwa akifafanua miaka yote hii kwamba anachosema ni uhuru, si bei. Mwaka 1998 wengine wa fani hiyohiyo wakaja na jina la “chanzo wazi” (open source), na mkanganyiko huo ulikuwa mojawapo ya sababu. Wafaransa na Wahispania hawakuhangaika hivyo, kwa kuwa kila neno wanalo peke yake. Nasi tunayo yote mawili. Kuandika “programu za bure” ni kubeba tatizo la lugha nyingine na kulitua kwenye lugha isiyokuwa nalo. Tena kwetu linazidi, maana “bure” ni pia kitu kisicho na faida: kazi bure, mtu bure. Mwalimu mkuu akisoma “programu ya bure” anaelewa mbadala hafifu wa kitu cha maana.

“Huria” si neno geni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992 na kila mzazi anajua kuwa ada inalipwa. Tunasema soko huria, na hakuna anayeshuka sokoni Mbuyuni akitarajia kupewa nyanya bila kulipa. Sikio la Mtanzania limeshazoea kwamba huria ni kutofungiwa mlango. Wapo wanaopendelea “huru”. Tunawaelewa, ila mgombea huru na tume huru ni wasiofungamana na mtu, hivyo “gemu huru” litaeleweka kuwa gemu la watengenezaji wadogo wasio chini ya kampuni kubwa, na gemu la namna hiyo laweza kuwa limefungwa kila upande.

Programu huria inampa mtumiaji ruhusa nne: kuiendesha kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadilisha, kuinakili na kuwagawia wengine, na kugawa hata ile aliyoibadilisha. Ikikosa moja tu, si huria, hata kama haina bei. Ruhusa hizo ndizo zilizowawezesha watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, yaani programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakulazimika kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa leseni ilishaitoa. Programu ambayo ni ya bure tu isingewaruhusu hata kubadilisha neno moja la menyu.

Magemu ndiyo yanayochanganya zaidi. Free Fire na eFootball unaingia bila kulipa, kisha unauziwa dimondi au sarafu za ndani. Yanataka intaneti, na shule haina ruhusa ya kuyarekebisha wala kuyasambaza kwa flashi. Tunapendekeza yaitwe “magemu ya kuingia bure”. SuperTuxKart, gemu la mbio za magari, ni jambo jingine: leseni ya msimbo wake (maagizo ya programu yaliyoandikwa na watengenezaji) ni GPL, leseni huria ya mradi wa GNU, mwalimu anainakili kwenye mashine 40 bila kuvunja sheria, na wanafunzi wanashindana kwa waya wa chumba chenyewe, bando likiwepo lisiwepo.

“Chanzo wazi” nalo litumike kwa uangalifu, kwani kuonyeshwa msimbo si kuruhusiwa kuutumia. Msimbo wa Doom, gemu la kupiga risasi, ulitolewa hadharani mwaka 1997, lakini kwa leseni iliyokataza biashara. Ulikuja kuwa huria mwaka 1999, ulipotolewa upya kwa GPL. Na hata leo ramani, picha na sauti za Doom bado zina mwenyewe. Anayetaka gemu lililo huria lote anaweka Freedoom, ambayo imechora vyake upya. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: wanasoma leseni ya injini, yaani msimbo unaoendesha gemu, wanasahau ya picha na sauti.

Kwa hiyo ukaguzi uwe hivi. Fungua folda ya programu, tafuta faili liitwalo LICENSE au COPYING. Ukikuta GPL, MIT, Apache 2.0 au MPL, msimbo ni huria. Halafu tafuta leseni ya picha na sauti. Kwenye leseni za Creative Commons, herufi NC zina maana biashara imekatazwa, na ND kubadilisha kumekatazwa, na yoyote kati ya hizo inaliondoa gemu kwenye safu ya huria. Mashine ikiwa na Debian, ambao ni mfumo endeshi huria, kazi ni nyepesi: maelezo yako kwenye /usr/share/doc, ndani ya folda ya kila programu, faili copyright. Katika ghala la programu la Debian, iliyo sehemu ya main ni huria. Iliyo contrib yenyewe ni huria lakini inategemea kitu kisicho huria. Chapisha leseni, ifungwe kwenye faili la shule. Mkaguzi akiuliza risiti, hiyo ndiyo ya kumwonyesha.

Kuna suala la fedha pia, na hili linatuuma. Safu ikisema “bure”, bajeti inaandikwa sifuri. Fundi aliyeambiwa sifuri huweka toleo la majaribio linalojifunga baada ya siku 30, au programu iliyokrakiwa, ambayo inaiweka shule kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na mara nyingi huja na virusi. Programu huria haina ada ya leseni, lakini kuisakinisha, kuwafundisha walimu na kuisasisha kila muhula ni kazi ya mtu, na mtu huyo analipwa.

Tunaomba rejesta iwe na safu hizi: jina la programu, toleo, leseni ya msimbo, leseni ya picha na sauti, aina (huria, ya bure, ya kuingia bure, ya majaribio, ya kununua), na gharama ya kazi peke yake. Tumeandaa fomu ya ukurasa mmoja na tuko tayari kuileta ofisini kwako, ijaribiwe kwanza kwa shule mbili kabla ya muhula ujao.

Wako katika kazi,
Mafundi na wakufunzi wa kompyuta, Moshi