Vita vya habari si somo la wanajeshi peke yao

Mhariri,

Kila tunapotaja vita vya habari, yaani kueneza uongo kwa mpango ili kupotosha umma, mawazo hukimbilia vyuo vya kijeshi na wataalamu wa kompyuta. Lakini uongo uliopangwa hauanzii kambini. Huingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi usiku, na asubuhi anayeulizwa kama ni kweli ni chifu, muuguzi au mwalimu.

Tukumbuke uchaguzi wa Agosti 2017. Siku chache kabla ya kura, ilizagaa hapa Kenya video yenye nembo ya BBC ikitangaza kura ya maoni. BBC ikaikana. Kulikuwa na nyingine yenye nembo ya CNN, nayo ikakanwa, ila wengi walikuwa wameshawatumia jamaa zao. Aliyeitengeneza alijua kwamba kanusho huchelewa. Hilo ndilo la kufundishwa: nani hulipia uongo, hupenyezwa wapi kwanza, na kwa nini saa chache zinamtosha.

Wala hatuhitaji kuagiza vitabu kutoka Ulaya. Arusha zimehifadhiwa kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, ikiwemo kesi ya vyombo vya habari iliyoamuliwa Desemba 2003. Mwanafunzi akisoma jinsi RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994, ilivyochanganya muziki na mizaha, ikawaita Watutsi mende, kisha ikasoma majina ya watu wa kusakwa, ataelewa mbinu hizi kuliko kwa mhadhara wowote. Nashangaa kwamba mwanafunzi wa uandishi wa habari anaweza kuhitimu, hapa jirani kabisa, bila kufungua hata ukurasa mmoja wa hukumu ile.

Nina hofu moja, na naisema waziwazi. Serikali inayojifunza mbinu hizi kwa siri inaweza kuwageuzia wananchi wake. Kwa hiyo mtaala uchapishwe, nao wanahabari, mawakili na watu wa mashirika ya kiraia wakae darasa moja na maofisa wa utawala.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Kenya School of Government tayari inawafunza watumishi wa umma. Iwape machifu na manaibu wao mafunzo ya namna ya kutafuta picha ilikotoka, kukagua akaunti bandia, na kutoa kanusho kwa lugha ya mtaa siku ileile. Mafunzo hayo yaanze mwaka mmoja kabla ya kampeni, si wiki ya kupiga kura.

Mwalimu wa uandishi wa habari,
Mombasa