Magobore ya Maji Maji yana historia isiyosimuliwa

Ndugu Mhariri,

Kila ikikaribia kumbukumbu ya Vita vya Maji Maji, tunasimuliwa kwamba babu zetu waliwakabili Wajerumani kwa mikuki, mishale na maji ya dawa tu. Si kweli. Magobore walikuwa nayo. La kuuliza ni kwa nini mwaka 1905 bado walikuwa wanashindilia baruti mdomoni mwa mtutu.

Bunduki ya gumegume, yaani gobore linalowashwa kwa cheche za jiwe, ilikamilishwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17. Jiwe hugonga chuma, cheche huangukia baruti iliyo kwenye kifa, kisahani kidogo kando ya mtutu, na moto hupenya tundu dogo hadi ndani ya mtutu. Kifa kikilowa mvua, bunduki hailii. Askari wa Uingereza aliyefunzwa vizuri alifyatua mara 3 hivi kwa dakika, na kumpiga mtu mmoja aliye umbali wa mita 100 kulikuwa kubahatisha. Ndiyo maana hata kwenye vita vya Waterloo, mwaka 1815, majeshi yalisimama bega kwa bega, yakafyatua kwa pamoja, kisha yakaingiliana kwa singe. Kufikia miaka ya 1840 Waingereza walikuwa wanahamia bunduki za fataki, zinazowashwa kwa kifuniko kidogo chenye mlipuko badala ya jiwe.

Zile kuukuu zikaletwa kwetu kupitia Zanzibar, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu. Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi, alijenga dola yake kwa bunduki za biashara hiyo.

Kisha, Julai 1890, mataifa makubwa yalitia saini mkataba mjini Brussels, kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa. Humo yalizuia silaha za kisasa zisiingizwe Afrika, kuanzia digrii 20 Kaskazini hadi 22 Kusini. Serikali za kikoloni ziliachiwa nafasi ya kuruhusu mauzo ya kitu kimoja, nacho kikatajwa waziwazi: gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida. Silaha ambayo Ulaya ilikuwa imeitupa miaka hamsini nyuma!

Tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji walioivamia boma ya Mahenge walikutana na bombomu (bunduki za rasharasha) mbili, kila moja ikitema risasi mamia kwa dakika. Kuwalaumu kwa imani yao kwamba maji ya dawa yangewakinga na risasi, bila kuutaja mkataba ule, ni kuwaonea marehemu.

Nawaomba waandishi wa vitabu vya shule na waandaaji wa maonyesho wakiweke kifungu hicho cha Brussels kando ya gobore, kwa Kiswahili, mwanafunzi akisome mwenyewe.

Msomaji wenu,
Songea