Shida ya maji Newala isomwe katika umbo la nchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo waandishi wa habari za uhaba wa maji Newala na Tandahimba hulipita haraka mno. Uwanda wa Makonde, ambako ndiko ziliko wilaya hizo mbili, umelala kati ya Mto Ruvuma, ulio mpakani na Msumbiji, na Mto Lukuledi, unaoingia baharini Lindi. Unapanda taratibu kutoka pwani kuelekea magharibi, kisha unakatika ghafla kwa miteremko mikali. Mvua inatosha kustawisha mikorosho, lakini udongo wa kichanga huyapitisha maji hadi chini sana, hata chemchemi zikatokea mabondeni, mbali na vijiji vya juu. Visima vifupi huko ni fedha iliyopotea. Tunaomba matangi ya kuvuna mvua, na pampu za mabondeni zitunzwe.

Msomaji wako,
Newala, Mtwara